Stesheni ya Isiolo na Maoni ya Wananchi Kabla ya Reli

Isiolo ni mji wenye stesheni kwenye ramani kabla ya kuwa na reli ardhini. Katika mpango wa ukanda wa uchukuzi ujulikanao kwa kifupi kama LAPSSET, unaokusudiwa kuiunganisha Bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, mji huu umechorwa kuwa makutano ambapo njia itokayo Lamu itagawanyika, tawi moja likipanda kaskazini hadi Moyale na kuingia Ethiopia, jingine likipitia Turkana kuelekea Juba, na la tatu likishuka kusini hadi Nairobi. Mpango huo ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Tangu wakati huo barabara ya lami imefika Moyale, uwanja wa ndege wa Isiolo umepanuliwa, na gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Reli yenyewe haijaonekana. Treni iliyo karibu zaidi huishia Nanyuki, mwendo wa kilomita themanini hivi, kwenye njia ya zamani iliyojengwa wakati wa ukoloni na kufufuliwa mwaka 2020.

Kuchelewa huko kwa kawaida hulalamikiwa, na walalamikaji wana haki yao, kwa kuwa kaskazini mwa Kenya pamezoea kuahidiwa. Hata hivyo kuchelewa kumewaachia wakazi wa Isiolo kitu ambacho wakazi wa Nairobi na Mombasa hawakukipata, yaani nafasi ya kusema stesheni iwe wapi, itumikie nani na reli ipite wapi, wakati ambapo majibu yao bado yanaweza kuubadilisha mchoro. Maoni yanayoombwa baada ya mchoro kukamilika, mkandarasi kupatikana na mkopo kutiwa saini hayawezi kubadilisha lolote la maana, hata yakikusanywa kwa adabu zote.

Ushirikishwaji wa umma, kama unavyoitwa katika lugha ya kisheria, ni utaratibu unaoilazimu mamlaka ya umma kuwaeleza watu inachokusudia kufanya, kuwapa muda na njia ya kujibu, kuyapima majibu yao na kuonyesha yalivyotumika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka katika kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 69 kinaitaka Serikali iwahimize wananchi washiriki katika kuyasimamia na kuyalinda mazingira. Mahakama nazo zimeutilia mkazo: mwaka 2014, katika kesi iliyohusu sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba haitoshi kutangaza mkutano ili kutimiza sharti, bali lazima juhudi ya kweli ifanywe ili watu wapate habari na fursa halisi ya kusikika. Jambo moja husahauliwa mara kwa mara, nalo ni kwamba kushirikishwa si sawa na kuwa na kura ya turufu. Mwananchi anaweza kusikilizwa na bado uamuzi ukaenda kinyume na alivyotaka, mradi mamlaka ieleze kwa nini.

Swali la mahali pa stesheni huonekana kama la wahandisi, wenye kujua miinuko, kona na gharama ya madaraja. Historia ya reli nchini inaonyesha vinginevyo. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palichaguliwa kwa mahitaji ya reli yenyewe, kuwa bohari na kambi kabla ya kupanda Bonde la Ufa, na mji mkuu mzima ukaota kuzunguka uamuzi huo. Mombasa inatoa somo la upande wa pili. Stesheni yake ya zamani iko kisiwani, karibu na Mwembe Tayari, katikati ya soko na makazi. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, stesheni mpya iliwekwa Miritini, bara, kwa hiyo msafiri anayetoka kisiwani alilazimika kulipia matatu au teksi na kuhimili msongamano kabla hata ya kuiona treni. Nairobi vilevile, kituo kikuu cha reli hiyo kiko Syokimau, mbali na kitovu cha jiji, na wengi hubadilisha treni ili kufika mjini. Yawezekana wahandisi walikuwa na sababu nzuri, kwani ardhi ya kisiwani ni finyu na ghali. Gharama iliyookolewa na mradi, hata hivyo, haikutoweka. Ilihamia mfukoni mwa abiria, na abiria hakuwa mezani gharama hiyo ilipogawanywa.

Jiji la Nairobi sasa linajaribu kuirekebisha stesheni yake ya zamani kwa mpango uitwao Nairobi Railway City, unaohusu takribani ekari 425 za ardhi iliyo kusini mwa kitovu cha jiji, na ambao sehemu ya stesheni kuu ilizinduliwa Desemba 2022 na Rais William Ruto pamoja na James Cleverly, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Huko, wanaopaswa kuulizwa wanajulikana na wanapatikana: abiria wa treni za asubuhi na jioni, wachuuzi wa soko la Muthurwa, wenye matatu, wapangaji wa nyumba za zamani za reli. Mtu akisimama langoni saa kumi na mbili asubuhi, atakutana na karibu kila kundi linalohusika. Isiolo si hivyo. Kaunti nzima ilikuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, wametawanyika kwenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sehemu kubwa yao huhama na mifugo kufuata malisho na maji. Mtu ambaye reli itamwathiri zaidi huenda asiwe karibu na mji siku ya mkutano, wala ng'ombe wake wasiwe kwenye ardhi ambayo mpimaji ataiandika kuwa haina mtu.

Hapo ndipo ugumu halisi ulipo. Ukanda wa LAPSSET umepangwa uwe na upana wa mita 500 kwa ajili ya reli, barabara, bomba la mafuta na nyaya za umeme zikiwa sambamba. Kwa mkulima mwenye shamba la ekari tano, ukanda huo ni suala la fidia: shamba limechukuliwa au halikuchukuliwa, lote au nusu. Kwa mfugaji ni suala la kuvuka. Malisho ya kiangazi yakiwa upande mmoja na mto Ewaso Ng'iro upande mwingine, tuta la reli lenye uzio linaweza kuliharibu eneo kubwa kuliko lile lililofunikwa na kokoto na vyuma, kwa sababu nyasi zisizofikika ni kama hazipo. Fidia inayohesabiwa kwa ekari zilizochukuliwa peke yake haiwezi kuiona hasara ya namna hiyo, na mtaalamu aliyekuja Isiolo kwa wiki mbili za mvua hataiona pia.

Wanaoijua ni wazee wa malisho. Miongoni mwa Waborana, ardhi ya malisho hugawanywa katika maeneo yaitwayo dedha, na kila dedha huwa na baraza la wazee linaloamua ni lini mifugo iingie katika malisho ya masika, ya kiangazi au yale ya akiba yanayotengwa kwa ajili ya ukame mkali. Maarifa hayo si hadithi za kale. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Isiolo ilipokuwa kaunti ya majaribio ya mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, jamii zilichora ramani shirikishi, yaani ramani ambazo wenyeji wenyewe huonyesha visima, njia za mifugo, malambo na mipaka ya malisho, kisha mafundi wakaziingiza kwenye kompyuta juu ya picha za setilaiti. Ramani za aina hiyo zikiwekwa chini ya mchoro wa reli, njia za kuvukia zinaweza kupangwa mahali ambapo mifugo hupita kweli, badala ya mahali ambapo daraja ni rahisi kujenga. Ni ajabu kwamba mara nyingi mashauriano kuhusu miradi mikubwa huanza kwa kumwuliza mwananchi kama anaunga mkono maendeleo, swali lisilo na faida kwa yeyote, ilhali angeweza kuulizwa ng'ombe wake hunywa wapi mwezi wa Septemba.

Wanyama wa porini nao wana njia zao, na utalii wa kaunti hii, wenye hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, unawategemea. Mfano wa kuigwa uko karibu: chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kando ya eneo la Lewa, kuna kivuko cha ndovu kilichoanza kutumika mwaka 2011 ili tembo wapite kati ya Mlima Kenya na nyanda za chini bila kukutana na magari. Kilijengwa kwa sababu njia ya wanyama hao ilikuwa imefuatiliwa na kujulikana. Njia za ngamia zinastahili uangalifu usiopungua huo.

Mjini kwenyewe maswali ni mengine. Wanawake wafanyabiashara wa Isiolo hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, biashara ambayo saa chache za kuchelewa huigeuza kuwa hasara. Kwao stesheni yenye chumba cha baridi na treni inayoondoka alfajiri ina maana zaidi kuliko jengo lenye vioo virefu. Wenye boda boda watataka kujua kituo chao kitakuwa ndani ya ua au barabarani. Wafanyabiashara wa mifugo watauliza kama kutakuwa na mazizi, maji na njia za kupakilia ng'ombe, na je, reli itabeba wanyama au makontena tu? Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalohitaji shahada ya uhandisi, na yote hubadilisha ukubwa wa kiwanja, mahali pa lango na gharama ya mradi.

Kwamba maswali ya watumiaji ni bora yaulizwe mapema, uwanja wa ndege wa Isiolo unashuhudia. Ulifunguliwa upya Julai 2017 na Rais Uhuru Kenyatta ukiwa na jengo la abiria la kuridhisha na matumaini kwamba miraa ya Meru na nyama ya kaskazini zitasafirishwa kutoka hapo moja kwa moja. Lakini njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 hivi, fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo, na wafanyabiashara waliotarajiwa wakaendelea kupeleka bidhaa zao Nairobi. Uwanja huo umekaa pia kwenye mpaka wa Isiolo na Meru, mpaka ambao kaunti hizo mbili zimeugombania kwa miaka, huku familia zilizohamishwa kuupisha zikilalamikia viwanja vya kuhamia muda mrefu baada ya ndege ya kwanza kutua.

Malalamiko hayo yanaangukia mahali penye kumbukumbu. Wakati wa ukoloni Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kisheria, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Ardhi kubwa ilitengwa kuwa karantini ya mifugo iliyokuwa ikipelekwa soko la kusini. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyodhaniwa yatarudisha faida haraka, na kaskazini hapakuwa miongoni mwao. Kambi na vyuo vya kijeshi, kwa upande mwingine, vilipata nafasi tele kuzunguka mji. Mpimaji anayefika leo na vigingi vyake huwakuta watu ambao wazazi wao hawakuulizwa lolote, na asishangae akiulizwa yeye maswali makali.

Sheria ya ardhi imejaribu kuirekebisha hali hiyo. Sehemu kubwa ya Isiolo ni ardhi ya jamii, yaani ardhi inayomilikiwa na watu kwa pamoja kwa misingi ya ukabila, utamaduni au maslahi yanayofanana, kwa mujibu wa kifungu cha 63 cha Katiba. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba makubaliano kati ya jamii na mwekezaji hayawi halali mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya mkutano mkuu wa jamii, baada ya mashauriano yaliyo wazi na tathmini ya athari. Kinga hiyo ni nzuri, lakini inaishika mkono jamii iliyosajiliwa pekee. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na fidia yoyote inayolipwa kwa ardhi hiyo huwekwa chini ya kaunti mpaka usajili ukamilike. Ndiyo maana kusajili ardhi ni sehemu ya mjadala wa stesheni hata kama hati hazina treni ndani yake: jamii isiyo na cheti huketi kwenye mazungumzo kama mgeni katika nyumba yake.

Mafunzo makubwa zaidi yametoka upande wa pili wa ukanda huohuo. Wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka 2012 kupinga jinsi bandari ilivyoanzishwa, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Mohamed Ali Baadi, kwamba haki zao za mazingira safi, za kupata habari na za utamaduni zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kwamba Tathmini ya Kimkakati ya Mazingira haikufanywa kabla ya kazi kuanza. Tathmini hiyo hutofautiana na ile ya kawaida kwa kuwa haichunguzi gati moja au daraja moja, bali huuchunguza mpango mzima na jinsi sehemu zake zinavyoongezeana athari. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Wanaodai kwamba kusikiliza watu huchelewesha miradi wangefaa kuhesabu pia miaka iliyopotea mahakamani kwa kutowasikiliza.

Utaratibu uliopo kisheria si mbaya, ingawa umeandikwa kwa kumfikiria msomaji wa gazeti. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo husika, achapishe taarifa kwenye gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Mikutano mitatu inaweza kutosha kwa kituo cha mafuta. Kwa reli inayokata malisho ya kaunti nzima, mikutano hiyo ikifanyika katika hoteli za mjini, kwa Kiingereza, mbele ya watu waliolipiwa nauli, sheria itakuwa imetimizwa na ushirikishwaji haujafanyika. Isiolo kuna Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na mkutano wa Merti hauwezi kuendeshwa kama wa Ngare Mara. Vikao vinapaswa kufuata kalenda ya mifugo, vifanyike kwenye visima na minadani, na wanawake wapewe kikao chao pale ambapo desturi huwafanya wanyamaze mbele ya wazee. Baada ya hapo, orodha ya yaliyosemwa na majibu ya mwenye mradi kwa kila hoja ingebandikwa kwa chifu, ili aliyesema ajue neno lake lilifika wapi.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Njia ya reli ikitangazwa mapema, madalali wa ardhi hukimbilia hapo kabla ya wenyeji kuelewa kinachoendelea, viwanja huuzwa mara mbili, na watu wa nje hujitokeza kudai fidia. Tangu LAPSSET itangazwe, bei za viwanja Isiolo zimewavutia wengi wa namna hiyo. Lakini usiri haujawahi kumzuia dalali, ambaye hupata habari kwa njia zake. Humzuia mwenyeji peke yake. Kinachosaidia ni kusajili ardhi ya jamii kwanza, kusimamisha ugawaji wa viwanja katika eneo linalochunguzwa, na kuchapisha njia zote mbadala kwa pamoja ili isiwepo moja inayojulikana na wachache.

Wakazi hawahitaji kungoja waitwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, iliyotungwa kutekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia wa Kenya haki ya kuiomba taasisi ya umma taarifa iliyo nayo, kwa Kiingereza au Kiswahili, bila kulipia ombi lenyewe, na afisa anayehusika anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Akikataa au akinyamaza, mwombaji anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Jamii za Isiolo na ziombe sasa, kwa maandishi, michoro ya njia ya reli inayofikiriwa na mahali panapokusudiwa kuwa stesheni, na ziiombe serikali ya kaunti iharakishe usajili wa ardhi yao kabla vigingi havijachomekwa.